Bastola Kali ya Jumanne

Nyinyi vijana mtakaoshika karatasi hizi, kaeni chini kwanza na simu zenu mziweke kando. Najua mtacheka mkisikia nyanya yenu alipiga bastola Uarabuni. Chekeni mmalize, kisha msome. Sikupiga mtu. Nilipiga karatasi yenye miduara, kila Jumanne, karibu nusu mwaka. Na kuna thamosi moja ya chai iliyopigwa, ambayo hata si mimi niliyeipiga, lakini lawama yake niliibeba, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwaandikia.

Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nilikwenda Doha nikiwa tayari naitwa nyanya. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Nilipomuaga hakulia, aliendelea kushika ukuta wake.

Nyumba niliyofanya kazi ilikuwa Umm Salal, upande wenye mashamba. Vyumba tisa, watu wawili: mimi na madamu. Madamu alikuwa mjane. Binti yake wa pekee aliolewa upande wa Abu Hamour, na kila Ijumaa mchana alikuja, akala, akaondoka. Siku zilizobaki ilikuwa mimi chini, yeye juu, na mashine ya baridi ikivuma katikati yetu. Akinihitaji alibonyeza kengele. Lugha hatukuwa nayo. Mimi nilikuwa na Kiarabu cha jikoni: njoo, lete, moto, baridi, kwisha. Yeye alikuwa na maneno manne ya Kiswahili aliyoachiwa na msichana wa kwetu Kenya aliyefanya kazi pale kabla yangu: haraka, chakula, pole, lala. Maneno hayo yakumbukeni, yana kazi mbele.

Nyumbani nilipiga simu kila Jumapili. Wakaniambia wako sawa. Nikawaambia niko sawa. Kadi ikaisha, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake akidhani ameambiwa kitu.

Sasa Jumanne. Jumanne alasiri ilikuwa zamu ya wanawake kwenye uwanja wa shabaha, kule Lusail, wakati huo Lusail ikiwa bado mchanga na winchi za ujenzi. Madamu aliendesha gari mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma na kikapu: taulo, tende, vikombe viwili vidogo na thamosi ya chai ya maziwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba kikapu na kungoja.

Bastola ilikuwa yake. Alikuwa na laiseni yake, aliyoiweka pamoja na hati za nyumba. Lakini haikulala nyumbani hata siku moja. Ililala palepale uwanjani, ndani ya stoo ya chuma. Unafika, unatia sahihi, unapewa sanduku lako. Msidhani ni bastola kama ya polisi wetu. Mtutu wake mrefu, mpini wake wa mbao, umechongwa kufuata kiganja cha madamu mpaka pale kidole kinapokunjika. Risasi zake hazifiki unene wa penseli. Pini haizipigi katikati ya kitako kama risasi kubwa. Huzipiga ukingoni, kwenye kile kipindo chembamba cha shaba. Ndiyo maana mwalimu alikataza kuifyatua bila kitu ndani, kwa sababu pini itagonga chuma na kula ukingo wa chemba, lile tundu risasi inamokaa. Ukimaliza kupiga, unafungua, unahakikisha hakuna risasi, unatia kijiti cha plastiki cha manjano chenye umbo la risasi, unafunga, halafu unafyatua mara moja kuelekea shabaha ili springi ilegee. Ndipo inaingia sandukuni kulala.

Hayo yote niliyajua kwa kutazama tu. Na kila mara madamu alipotia kile kijiti na kufunga, alisema neno moja, kwangu au kwa hewa: kali.

Mimi nikafurahi. Nikajua hilo ni neno la tano, yule msichana wa Kenya alimfundisha. Na nikamheshimu madamu kwa neno hilo. Nilimwambia Mungu wangu, huyu mama anajua silaha. Hata ameshaitoa risasi bado anaiita kali, ili mtu asiichezee. Nikajifunza vilevile. Akisema kali, mimi narudi hatua moja nyuma.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo. Siku moja madamu alikuwa peke yake kwenye mstari. Wanawake wengine walikuja wawiliwawili, na dada zao, na shangazi zao, wakapiga na kucheka na kupigana picha. Yeye hakuwa na mtu wa kuonyesha karatasi yake. Alipiga tano, akavuta karatasi, akaitazama, akageuka. Nyuma yake nilikuwa mimi na kikapu. Akaniita kwa mkono. Nikadhani anataka chai, nikaanza kufungua thamosi. Akatikisa kichwa, akanionyesha mahali pa kusimama.

Mwalimu alikuja. Alikuwa mwanamke wa nchi za baridi, mrefu, asiyecheka, anayesema nawe kwa vidole. Akanivisha vifunika masikio na miwani, akanisogeza miguu kwa kiatu chake kama mtu anayepanga mawe ya jiko, akanishika mkono wa kulia akaunyoosha, wa kushoto akautia mfukoni mwangu. Mchezo ule ni wa mkono mmoja. Mkono wangu umekata kuni miaka arobaini, haukutetemeka. Tano za kwanza, nne ziliingia kwenye weusi. Mwalimu akamtazama madamu. Madamu akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu nifike, kutoka juu mpaka chini, kama mtu aliyegundua kuna chumba cha kumi nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo ikawa yeye tano, mimi tano. Haikuwa urafiki. Kwenye gari tulinyamaza vilevile. Lakini nataka mnielewe jambo moja. Ukiwa umevaa vile vifunika masikio, umenyoosha mkono, kijicho cha mbele ya mtutu kimetulia chini ya duara jeusi, hakuna anayekuita. Kengele haipo. Waliokuacha na uliowaacha hawapo. Siku nyingine zote nilikuwa mpweke kwa sababu hakuna mtu. Pale nilikuwa mpweke kwa kupenda kwangu, na huo ni upweke mwingine kabisa. Jumanne ilikuwa mali yangu ya pekee katika nchi ile. Nilichoogopa ni kunyang'anywa.

Basi ikafika siku ya thamosi.

Nilikuwa nimepiga nne. Ya tano ilikuwa ndani ya chemba, bastola imejikoki yenyewe tayari kufyatuka, mimi nashusha pumzi, mwalimu akapiga kelele ya kusimamisha. Karatasi ya mtu wa mwisho ilikuwa imekwama kwenye waya wake. Sheria ya kusimamisha ni moja: weka chini, mtutu uelekee shabaha, ondoa mkono, rudi nyuma ya mstari. Huruhusiwi kufungua wala kugusa. Nikaweka, nikarudi. Tukangoja. Ile karatasi ikakataa kutoka, na muda wetu ukawa umekwisha, na adhana ya magharibi ikasikika. Mwalimu akaonyesha kwa mikono kwamba tufunge kazi.

Madamu alitaka kuwahi sala. Akaenda mezani kabla yangu. Mimi nilikuwa naokota taulo. Kabla hajaishika alinigeukia akainua nyusi, ile ya kuuliza: vipi hii?

Nikamwambia, "Kali."

Akaitikia kwa kichwa. Mimi, kwa kuwa sipendi mchezo, nikarudia kwa nguvu, "Kali, madamu. Kali."

"Zen," akasema, yaani vizuri. Akachomoa magazini. Magazini ilikuwa tupu, kwa kuwa risasi ya mwisho ilikuwa imeshapanda kwenye chemba. Akaiweka chini, akageuka na bastola kuelekea sanduku lake lililokuwa pembeni juu ya meza, kando ya thamosi, na akiwa amegeuka hivyo, bila kufungua wala kutia kijiti, bila kungoja kuielekeza kwenye shabaha, akafyatua ili springi ilegee.

Mlio wa bastola ile si mkubwa. Ni kama ubao kuvunjika. Thamosi iliruka, ikalala ubavu, chai ikaanza kutoka kwa matundu mawili, hapa na hapa, taratibu, ikiteremka mezani mpaka kwenye viatu vyangu. Risasi ilikuwa imekaa kwenye ubao wa kutenganisha meza. Hatua mbili kutoka hapo alikuwa mwalimu, ameinama anafunga sanduku.

Mwalimu aliinuka, akaichukua bastola kutoka mkononi mwa madamu, akaifungua, akaiweka. Akauliza kwa Kiingereza. Madamu akajibu kwa Kiarabu na Kiingereza, na nikasikia neno langu katikati ya maneno yake, akininyooshea mkono: alisema kali, alisema kali, mara mbili.

Nikafurahi, mjinga mimi. Nikajua ananitetea. Nikatikisa kichwa kwa nguvu, nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, ndiyo, mimi nilisema kali. Mwalimu akanitazama mimi, akaitazama thamosi. Akaniuliza tena kwa vidole: wewe, ulisema, hii, kali? Ndiyo, nikasema, kali, kali kabisa. Kila nilivyosema, uso wa madamu ulizidi kufunga. Nilikuwa najichimbia shimo kwa furaha.

Wakaandika karatasi. Tukaambiwa tusirudi mpaka tuitwe tujieleze. Kwenye gari madamu hakusema kitu, lakini hiyo ilikuwa kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba kioo cha dereva, ambamo tangu nianze kupiga alikuwa akinitazama mara mojamoja, alikigeuza.

Wiki tatu. Jumanne ya kwanza nilipanga kikapu, nikakipangua. Ya pili nikasugua sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Madamu alikula juu. Chakula nilikipandisha, vyombo nikaviteremsha, kengele ikalia, ikanyamaza. Sikulala nikiwaza kosa langu. Nilimwonya kwa neno lake mwenyewe, neno alilolisema kila wiki, tena mara mbili, tena kwa sauti, na bado nilikuwa mkosaji. Ukiwa na makosa unayajua, unatubu. Ukiwa na haki na hakuna mtu katika nchi nzima anayeweza kuielewa, hapo ndipo mtu anakuwa peke yake. Jumapili nilipiga simu nyumbani. Niko sawa, nikasema.

Jumanne ya tatu tukaitwa. Langoni pale kulikuwa na askari mwanamke wa Uganda, mnene, mcheshi, ambaye kila wiki alipekua kikapu changu na kula tende moja kama ushuru. Nilikuwa nimezoea kumtania kwamba Kiswahili chake kimetembea kwa miguu kutoka Kampala na kuchakaa njiani. Siku hiyo sikuwa na kikapu. Madamu alikuwa ametangulia dawatini kutia sahihi.

"Maama, leo hata tende hakuna?" askari akaniuliza. "Na ile thamosi?"

Nikamwambia. Ndiyo mara ya kwanza kumwambia mtu. Nikamwambia yote, mpaka pale nilipomwonya madamu kwa neno kali naye akafyatua vilevile.

Yule mwanamke akashika mdomo. "Ulimwambia neno gani? Sema tena."

"Kali."

"Maama wee." Akakaa kwenye kiti chake, mabega yakamtikisika. Nilitaka kumpiga. Alipopata pumzi akasema, "Nyinyi Wakenya mnajidai Kiswahili ni chenu, sasa kimewarudi. Huyu hasemi kali. Anasema *khali*. Kwa Kiarabu chao hiyo ni tupu. Hakuna kitu ndani. Wewe ulimwambia bastola ni tupu, tena ukasisitiza."

Nikasimama pale. Mwaka mzima na nusu ukarudi kichwani mwangu, kila Jumanne, madamu anafunga bastola na kusema tupu, mimi narudi hatua nyuma kwa heshima ya ukali wake. Hakukuwa na neno la tano. Tulikuwa tumeshika neno moja, kila mmoja kwa upande wake, na kila wiki tulidhani tumeelewana.

Nikamwomba aje anisemee. Akaniambia hawezi kuacha lango. Nikamwambia basi tende hatazionja tena maisha yake. Akamwita mwenzake ashike lango.

Alisimama mbele ya madamu na mwalimu, akaeleza kwa Kiarabu ambacho kwa kweli kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Nilimwona akisema khali na kufungua kiganja kitupu. Kisha akasema kali, akakosa namna, akanitazama, halafu akasema kwa Kiarabu kitu chenye mbwa ndani yake. Baadaye aliniambia aliwaeleza vile vibao vya mageti ya kwetu, mbwa kali.

Madamu akanigeukia. Akafungua kiganja chake, akasema, "Khali." Halafu mama yule, ambaye sijawahi kumwona hata akipiga miayo mbele ya mtu, alifunua meno yake kama mbwa na kusema polepole, akiniuliza, "Kali?"

"Kali," nikasema.

Akacheka. Si kwa sauti. Mabega tu. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naogopa nikifungua mdomo kitatoka kitu kingine.

Mwalimu hakucheka kabisa, na alikuwa na haki. Risasi ile ilipita hatua mbili kutoka kwake, na yeye ana watoto. Akasema, askari akanitafsiria, kwamba makosa ni mawili. Mmoja ametegemea neno. Mwingine amepokea neno bila kufungua na kuangalia, na akafyatua bila kuelekeza kwenye shabaha. Madamu akafungiwa miezi miwili. Na mimi, kwa kuwa bastola si yangu, laiseni si yangu na lugha ya pale si yangu, nisishike tena. Nikae nyuma ya mstari na kikapu changu. Madamu akaanza kubisha, nikaona, akainua mkono na sauti. Mwalimu akarudia vilevile. Basi.

Hivyo ndivyo nilivyonyang'anywa. Baada ya miezi miwili tukarudi, nami nikarudi kwenye kiti changu na thamosi mpya, ambayo madamu alikwenda kuinunua mwenyewe na kuiacha jikoni bila neno. Mkono wangu wa kulia ulichukua muda mrefu kuelewa. Jumanne ikifika unawasha.

Lakini kuna hili pia, na sitalificha kwa sababu ni la kweli. Madamu alipomaliza tano zake za kwanza siku tuliyorudi, alifungua bastola, akaiweka mezani mtutu ukielekea shabaha, akasogea kando, akaniita kwa mkono. Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akaruhusu, mradi mikono yangu iwe nyuma. Nikasogea. Nikainama, nikatazama ndani ya chemba mpaka nikaona mwanga. Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo madamu akatia kijiti chake cha manjano na kufunga. Hakusema khali. Alifanya hivyo kila Jumanne mpaka nilipoondoka nchi ile, na hakuna siku aliyofunga kabla sijaitikia. Katika maisha yangu yote, hakuna mtu aliyewahi kusimama akangoja nione kwa macho yangu kabla hajaendelea. Wala nyumbani kwangu.

Nilirudi Taita na sanduku moja na goti bovu. Yule mjukuu wa ukuta alikuwa sasa ananizidi kimo, na ananiita nyanya kwa adabu kama anayesalimia mgeni wa kanisa. Niliyoambiwa kwenye simu kwamba ni sawa, mengine yalikuwa sawa, mengine hayakuwa. Paa la jikoni lilikuwa limeanguka miaka miwili nyuma, likaezekwa jingine. Mama mkwe wa binti yangu alikuwa amezikwa huku mimi bado namtumia salamu. Sikumlaumu mtu. Hata wao hawakuwa wamesikia habari ya kengele.

Juma la tatu baada ya kurudi, mchana, nilikuwa jikoni chini ya lile paa jipya. Mjukuu akanipa chupa ya soda. Nyanya, ni maji, akasema, naye aliamini ni maji, kwa sababu mama yake alimwambia ile ya dirishani ni maji. Nilikuwa nimeshainua kuelekea sufuria, na moto umewaka chini. Mkono wangu ukasimama wenyewe. Nikafungua, nikanusa. Ilikuwa mafuta ya taa.

Sikumpiga wala sikumkemea. Niliweka chupa sakafuni, mbali na moto, nikatoka uani, nikawaita wote: mwanangu, mke wake, binti yangu aliyekuwa amekuja kuniona, wajukuu wote mpaka anayebebwa mgongoni. Nikawasimamisha mstari. Wakadhani naomba dua. Nikawaambia hivi:

"Kuanzia leo, katika boma hili, kitu chochote kinachoweza kuchoma, kukata au kuua hakipokewi kwa neno. Anayetoa afungue. Anayepokea aangalie kwa macho yake, aitikie, ndipo mkono uachilie. Na mkiwa mbali mkinipigia simu, asiniambie mtu yuko sawa. Niambieni mmekula nini, mmelala wapi, na nani alikuwa hapo."